Kadi ya Bima na Kidonge cha Mwezi Ujao: Jinsi Gharama na Vichocheo Vinavyoamua Matumizi ya Dawa Mkoani Katavi

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala haya, msomaji ataweza: (1) kueleza sehemu zinazounda gharama halisi ya dawa kwa mgonjwa wa ugonjwa sugu, (2) kutofautisha athari za bei kwa mgonjwa na athari za mfumo wa malipo kwa mtoa huduma, (3) kutambua mgonjwa anayepunguza dawa kwa sababu ya gharama kabla hajaongezewa dawa nyingine, na (4) kutaja hatua ambazo mgonjwa, mtoa huduma na kamati ya kituo wanaweza kuchukua bila kusubiri fedha mpya.

Mfano wa kujifunzia

Mwanamke mwenye umri wa miaka 56, mkulima wa tumbaku na mahindi katika Halmashauri ya Nsimbo, amefika kliniki ya shinikizo la damu mjini Mpanda. Kipimo chake ni 176/104. Miezi mitatu iliyopita kilikuwa 170/100, na daktari akaongeza dawa ya pili. Leo, kwa kuwa shinikizo halijashuka, daktari anashika kalamu ili aandike ya tatu. Muuguzi aliyempima anamwinamia mgonjwa na kuuliza taratibu:

"Mama, hizi dawa mbili, mwezi uliopita ulifanikiwa kuzipata zote?"

Mgonjwa anaitazama kadi yake ya kliniki. "Nilipata moja tu, mwanangu. Nayo nikawa nameza siku moja, naacha siku moja, ili inifikishe mwisho wa mwezi."

Daktari anaiweka kalamu chini.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo, lakini mtoa huduma aliyewahi kukaa kwenye kliniki ya magonjwa sugu hataushangaa. Dawa ya tatu isingemsaidia mama huyu. Ingemwongezea bei ya kile ambacho tayari kilikuwa kimemshinda, na huenda safari iliyofuata angeacha zote. Kwenye faili angeandikwa kuwa mgonjwa ambaye shinikizo lake halisikii dawa, ilhali dawa zenyewe zilikuwa hazijamezwa ipasavyo. Hesabu iliyofanyika nyumbani kwake, kimya kimya, ndiyo iliyoamua tiba kuliko cheti cha daktari. Kiini cha somo hili ni kuielewa hesabu hiyo.

Bima ilivyofika hapa

Tanzania ilianza utaratibu wa uchangiaji wa gharama za matibabu katika hospitali za umma mwaka 1993. Kabla ya hapo huduma katika vituo vya serikali ilitolewa bila malipo. Pamoja na uchangiaji uliwekwa msamaha kwa makundi maalumu, wakiwemo wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na watu wasio na uwezo. Katikati ya miaka ya 1990 Mfuko wa Afya ya Jamii, maarufu kama CHF, ulianza kujaribiwa wilayani Igunga katika mkoa jirani wa Tabora, na ukapewa sheria yake mwaka 2001. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001 ukiwalenga watumishi wa umma. Mchango wake ni asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitolewa na mtumishi na nusu na mwajiri.

CHF iliyoboreshwa ilipoenezwa nchini kuanzia mwaka 2018, kaya ya watu wasiozidi 6 ilitakiwa kuchangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Hiyo ni wastani wa shilingi 5,000 kwa mtu kwa mwaka mzima. Hatimaye, mwaka 2023, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayokusudia kumweka kila mkazi ndani ya mfumo wa bima na kuwagharamia wasio na uwezo.

Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, unaipokea safari hii katika mazingira yake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 1,152,958, karibu mara mbili ya wakazi 564,604 waliohesabiwa miaka kumi kabla. Wengi ni wakulima wa mahindi, mpunga, tumbaku na pamba, wafugaji, wavuvi wa Ziwa Tanganyika na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Hawa hawana mshahara wa kukatwa kila mwezi. Fedha yao huja kwa msimu, nayo maradhi hayafuati msimu.

Bei halisi ya kidonge

Mtu akiuliza bei ya dawa hutajiwa bei ya dukani. Kwa mgonjwa wa ugonjwa sugu, hiyo ni sehemu moja tu kati ya nne.

Sehemu ya kwanza ni mchango wa bima wenyewe na wakati wa kuulipa. Shilingi 30,000 si mzigo uleule mwezi Julai, baada ya mavuno na mauzo ya tumbaku, na mwezi Februari, wakati ghala linakaribia kuisha na fedha imeshaingia kwenye palizi na mbolea. Kadi ikimalizika muda wake mwezi Januari, kaya inaweza kukaa miezi kadhaa bila bima, si kwa kuikataa bali kwa kuwa imeisha katika kipindi kigumu kuliko vyote. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama wa mfano wetu.

Sehemu ya pili ni dawa isiyokuwepo kituoni. Kadi hulipia dawa iliyopo. Rafu ikiwa tupu, mwenye kadi, mwenye msamaha na asiye na chochote hugeuka sawa: wote huelekezwa kwenye famasi au duka la dawa muhimu, na pengine wote wakalipa taslimu.

Sehemu ya tatu ni nauli. Kutoka Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 100, na Inyonga nako ni safari ya namna hiyo. Bima hailipii bodaboda wala basi.

Sehemu ya nne ni siku ya kazi inayopotea. Siku ya kliniki wakati wa kupanda ni siku ambayo shamba limesubiri.

Tuziweke sehemu hizi katika hesabu kwa tarakimu za kubuni. Tuseme dawa mbili za mwezi zinagharimu shilingi 9,000 kwa taslimu, na nauli ya kwenda na kurudi kliniki ni shilingi 12,000. Kwa mwezi ni shilingi 21,000, na kwa mwaka ni shilingi 252,000, zaidi ya mara nane ya mchango wa kaya uliotajwa hapo juu. Katika kiasi hicho nauli peke yake ni shilingi 144,000. Mgonjwa huyo akipewa dawa za miezi mitatu kwa kila hudhurio, atasafiri mara nne badala ya kumi na mbili, na nauli itashuka hadi shilingi 48,000. Ameokoa shilingi 96,000 bila bei ya kidonge kubadilika hata senti moja. Kila kituo kinaweza kurudia hesabu hii kwa bei na nauli za kwake.

Bei inapopanda, mgonjwa hupunguza nini?

Jibu linalotarajiwa na wengi ni kwamba mgonjwa akichangia kidogo ataacha dawa zisizo na maana na kubaki na zile za lazima. Ushahidi hauungi mkono matarajio hayo.

Kati ya mwaka 1974 na 1982, taasisi ya RAND ya Marekani iliendesha jaribio ambalo familia ziligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi zikapewa matibabu bure, nyingine zikachangia viwango tofauti vya gharama. Waliochangia walitumia huduma kidogo zaidi, lakini walipunguza huduma zenye manufaa na zisizo na manufaa kwa kiwango kinachokaribiana. Kwa watu wengi afya haikutofautiana sana. Maskini wenye shinikizo la juu la damu hawakuwa miongoni mwao: waliopata huduma bure walidhibitiwa vizuri zaidi.

Mwaka 1996, jimbo la Quebec nchini Kanada lilianza kuwachangisha wazee na watu wanaoishi kwa msaada wa serikali sehemu ya bei ya dawa. Watafiti walikuta kwamba matumizi ya dawa muhimu yalishuka kwa takriban asilimia 9 kwa wazee na asilimia 14 kwa wanaopokea msaada. Kulazwa, vifo na madhara mengine makubwa, pamoja na mahudhurio ya dharura, yaliongezeka. Kilichookolewa kwenye dirisha la dawa kilianza kulipwa wodini.

Sababu yake si ngumu kuiona. Mgonjwa hupima dawa kwa dalili anazozihisi, na shinikizo la damu kwa kawaida haliumi. Dawa ya maumivu humpa mtu nafuu jioni ileile, ilhali amlodipini haimwonyeshi chochote. Fedha ikipungua, ya kwanza kuachwa ni dawa ya ugonjwa ulio kimya, nayo ndiyo inayozuia kiharusi, kushindwa kwa figo na upofu wa kisukari. Mgonjwa anayefanya hivyo si mjinga wala mkaidi. Anafanya kile ambacho kila mwenye fedha pungufu hufanya: analipia kwanza kinachopiga kelele.

Tahadhari moja inahitajika. Bei si kizuizi pekee. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliondoa kabisa mchango wa wagonjwa kwa dawa za moyo baada ya shambulio la moyo. Ufuasi wa dawa uliongezeka kwa pointi 4 hadi 6 tu za asilimia, na wagonjwa wengi bado hawakuzitumia kikamilifu. Kusahau, madhara ya dawa, imani kwamba ugonjwa umepona na ushauri wa majirani vinabaki. Kuondoa gharama hufungua mlango, na mazungumzo ya kliniki bado yanahitajika ili mgonjwa aingie.

Dawa rahisi nayo huleta maswali yake

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba kila dawa ikiwa bure matatizo yamekwisha. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya kuhusu dawa mseto za malaria zilizopewa ruzuku kubwa madukani ulionyesha pande mbili. Ruzuku iliongeza sana upatikanaji wa dawa kwa kaya za vijijini. Hata hivyo, karibu nusu ya dawa hizo zilikwenda kwa watu wasio na malaria, kwa kuwa waliziuziwa kwa homa bila kupimwa. Miongoni mwa njia ambazo watafiti walizichunguza za kuelekeza ruzuku kwa wenye malaria ni kupeleka kipimo cha haraka dukani karibu na dawa.

Somo hilo linafaa pia kwa bima. Mwenye kadi anaweza kudai antibayotiki kwa mafua "kwa kuwa imelipiwa," au kuchukua dawa za akiba na kumgawia jirani. Kila dozi ya namna hiyo hutoka katika mfuko uleule ambao ungemnunulia mwingine insulini, na antibayotiki isiyohitajika hujenga usugu wa vimelea usiochagua mwenye bima na asiye nayo. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama dawa iwe ghali au rahisi. Tunapaswa kuuliza ni dawa ipi, kwa mgonjwa yupi. Dawa zenye manufaa makubwa na yasiyo na shaka, hasa za magonjwa sugu, zinastahili kuwa na kizuizi kidogo kabisa cha bei. Zile ambazo faida yake hutegemea uchunguzi zinastahili kutanguliwa na kipimo.

Vichocheo vya upande wa mtoa huduma

Mgonjwa si peke yake anayefuata hesabu. Kituo kinacholipwa kwa kila huduma kina sababu ya kifedha ya kuandika vitu vingi zaidi: dawa tano mahali pa mbili, sindano mahali pa kidonge. Kituo kinachopewa kiasi kisichobadilika kwa kila mwanachama kina sababu iliyo kinyume, yaani kutoa kidogo na kupeleka rufaa mapema. Hakuna mfumo wa malipo usio na mvuto wake. Ndiyo maana Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu vina umuhimu: humpa mwandishi wa cheti msingi ulio nje ya mfuko wake na nje ya shinikizo la mgonjwa.

Bei ambayo bima humlipa mtoa huduma nayo huamua dawa ipi ikae rafuni. NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao mwezi Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama wake zikidai viwango havitoshi. Bila kuamua nani alikuwa na haki, mafunzo yake ni wazi: kiwango kikiwa chini ya gharama, mwenye kadi hubaki na haki iliyoandikwa lakini isiyotekelezeka, kikiwa juu mno, mfuko hukauka na michango hupanda.

Kwa vituo vya umma, dawa hununuliwa Bohari ya Dawa, na zinapokosekana huko kituo huweza kununua kwa mshitiri aliyeteuliwa. Utaratibu wa mshitiri ulianzia Dodoma mwaka 2014 na kuenezwa nchini mwaka 2018. Lakini mshitiri huhitaji fedha, na fedha hiyo hutoka katika makusanyo ya kituo, yakiwemo malipo ya bima. Hapo hujitokeza mzunguko: wanachama wakiona rafu tupu hawahuishi kadi, kadi zisipohuishwa, kituo hakina fedha ya kujaza rafu. Mzunguko huo unaweza kukatwa kwenye rafu kuliko kwenye mkutano wa hadhara. Mwanakijiji akishuhudia jirani yake akipata dawa ya presha miezi sita mfululizo kwa kadi, hahitaji hotuba ndefu kuhusu bima.

Maduka ya dawa muhimu yana nafasi yake pia. Mpango huo ulianza mkoani Ruvuma mwaka 2003, na leo katika vijiji vingi duka hilo liko karibu zaidi kuliko kituo. Muuzaji huishi kwa anachouza. Mteja akija na shilingi 1,000, kishawishi cha kumkatia vidonge vichache vya antibayotiki ni kikubwa. Kukataa kuuza nusu dozi na kumwelekeza mteja kituoni ni hasara kwake siku hiyo, na anastahili kuungwa mkono na watoa huduma wa eneo lake, si kulaumiwa tu.

Funzo lililo jengo moja na kliniki ya presha

Katika vituo vingi, mita chache kutoka kliniki ya shinikizo la damu kuna kliniki ya tiba na matunzo ya VVU. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi hutolewa nchini bila malipo. Mgonjwa aliye imara hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, hufuatiliwa asipofika, na huulizwa kila hudhurio amekosa dozi ngapi na kwa nini. Mambo hayo matatu, yaani bei, miadi mirefu na swali la kila hudhurio, yamejengwa kwa pamoja. Mtu mwenye VVU na shinikizo la damu anaweza kutoka kliniki moja na dawa za miezi sita mkononi, akaingia ya pili na kutoka na cheti cha kwenda kununua. Kituo hakiwezi kubadili sera ya bei peke yake. Miadi mirefu na swali la ufuasi, hata hivyo, vimo ndani ya uwezo wake.

Mambo ya kufanya

Kwa mtoa huduma:

1. Kabla ya kuongeza dozi au dawa, uliza kama iliyotangulia ilipatikana na ilimezwa. Uliza bila lawama: "Wengi hushindwa kupata dawa zote, wewe mwezi huu ilikuwaje?" Anayeulizwa "Unameza dawa vizuri?" hujibu "Ndiyo" kwa heshima.
2. Chagua kwanza dawa iliyomo katika orodha ya taifa, inayopatikana katika ngazi ya kituo anachokifikia mgonjwa, na inayomezwa mara moja kwa siku inapowezekana. Tumia jina halisi la dawa badala ya jina la kibiashara.
3. Ikiwa fedha haitoshi dawa zote, mweleze mgonjwa ipi isiachwe kwa vyovyote. Usimwachie achague kwa kubahatisha.
4. Mgonjwa aliye imara apewe dawa za miezi zaidi pale akiba na mwongozo vinaporuhusu, au ahamishiwe zahanati ya karibu na kwake.
5. Asiye na uwezo apelekwe kwa afisa ustawi wa jamii siku ileile, si aambiwe arudi.

Kwa mgonjwa na familia:

1. Sema ukweli kuhusu dawa ulizokosa. Daktari asiyejua anaweza kukupa dozi kubwa kuliko unayohitaji, nayo ukiimeza yote ghafla ikakudhuru.
2. Usikatishe ghafla dawa za kifafa, insulini, wala dawa za moyo za kundi la atenololi na propranololi. Kuacha kwa ghafla kunaweza kuleta hatari siku chache tu baadaye.
3. Tenga mchango wa bima siku unapouza mazao, na uangalie tarehe ya mwisho ya kadi kabla ya masika.
4. Usigawane dawa na jirani, hata kama ugonjwa unafanana.

Kwa kamati ya usimamizi wa kituo:

1. Fuatilieni kila mwezi siku ambazo dawa za shinikizo la damu na kisukari zilikosekana, na mtangaze matokeo kwenye mkutano wa kijiji.
2. Pangeni uandikishaji na uhuishaji wa kadi katika miezi ya mauzo ya mazao, kwa kushirikiana na vyama vya msingi vya wakulima.
3. Tengeni sehemu ya mapato ya bima kwa dawa chache zisizopaswa kukosekana, mzitaje kwa majina.

Kurudi kwenye mfano

Daktari hakuandika dawa ya tatu. Alibakiza dawa moja ya kumezwa mara moja kwa siku, iliyopatikana katika zahanati ya kata anayoishi mgonjwa, akamwandikia barua ya kuendelea na matibabu huko na miadi ya kurudi kupimwa baada ya wiki nne. Muuguzi alimwandikia kwenye kadi ya kliniki mwezi wa kuhuisha bima, mara baada ya soko la kwanza la tumbaku. Kipimo cha wiki ya nne ndicho kitakachoonyesha kama dawa ya pili inahitajika kweli. Mpaka leo hakuna aliyekuwa amepata nafasi ya kujua, kwa kuwa dawa ya kwanza ilikuwa haijawahi kujaribiwa.

Maswali ya kujipima

1. Taja sehemu nne za gharama halisi ya dawa. Katika kituo chako, ipi ni kubwa kuliko zote?
2. Kwa nini mgonjwa mwenye fedha pungufu huacha dawa ya presha kabla ya dawa ya maumivu?
3. Eleza kishawishi kimoja cha mfumo wa malipo kwa kila huduma na kimoja cha mfumo wa kiasi kisichobadilika kwa kila mwanachama.
4. Chukua mafaili kumi ya wagonjwa wa shinikizo la damu ambalo halijadhibitiwa. Ni mangapi yameandikwa kama dawa zilipatikana na kumezwa kabla ya dozi kuongezwa?